Saratani Iliyokuwa Adimu: Chakula, Unene na Jeni, kutoka Lulindi hadi Ocean Road

Mwaka 1876 Askofu Edward Steere, yule aliyetunga kitabu cha sarufi ya Kiswahili akiwa Zanzibar, aliongoza kundi la watumwa walioachwa huru hadi Masasi, kusini mwa Tanzania ya leo, na huko wakaanzisha kituo cha misheni. Kutokana na kazi hiyo zilizaliwa, baada ya miongo kadhaa, hospitali za misheni za eneo hilo. Mwaka 1935 alifika daktari mpasuaji kutoka Uingereza, Leader Stirling, aliyefanya kazi Lulindi, wilayani Masasi, kisha akahamia Mnero, Nachingwea. Wasomaji wenye umri watamkumbuka zaidi kama Waziri wa Afya wa Tanzania kati ya mwaka 1975 na 1980. Wagonjwa waliojaza hospitali za aina hiyo walikuwa wa malaria, safura, ukoma, vidonda ndugu na uzazi mgumu. Saratani ya utumbo mpana, ambayo huko Ulaya ilikuwa miongoni mwa saratani zinazoua watu wengi, haikuwa ugonjwa wa kumshughulisha daktari wa misheni.

Leo hali si hiyo. Katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, wagonjwa wa saratani hii wameongezeka sana tangu katikati ya miaka ya 2000. Historia ninayoisimulia hapa inaeleza jinsi wataalamu walivyojaribu kufahamu kwa nini ugonjwa huu ulikuwa adimu Afrika Mashariki, na kwa nini sasa unaongezeka. Maelezo yao yamepitia kwenye chakula, yakafika kwenye jeni, na hatimaye yakagusa uzito wa mwili.

Tuanze na chakula, maana ndicho kilichowahi kuonekana kwa macho. Uwanda wa Makonde, jirani na Masasi, ni nchi ya udongo wa kichanga, usio na mito juu yake. Mvua ikinyesha hunywewa na mchanga, na maji huibuka mabondeni, chini ya mwinuko. Mjerumani Karl Weule, aliyekaa Newala mwaka 1906, alikuta kuteka maji ni safari ya kushuka na kupanda mlima. Ardhi hiyo ilistawisha mtama, muhogo, mbaazi, kunde na njugu mawe, na kwenye vichaka vyake ilificha ming'oko. Mng'oko ni kiazi cha porini, chembamba na kirefu, kinachochimbwa kwa kufuatisha mzizi ndani ya mchanga. Huoshwa, hufunikwa vizuri chunguni na kuchemshwa, kisha huliwa kwa chumvi na pilipili, na ukitafuna unasikia nyuzi zake mdomoni. Ni chakula cha njaa na ni kitafunwa cha starehe pia. Mtu aliyekula hivyo, akalima kwa jembe la mkono na kupanda mwinuko wa Newala na ndoo kichwani, alikuwa na nafasi ndogo sana ya kunenepa.

Aliyeanza kuyaweka mambo haya katika mpangilio wa kitabibu alikuwa Hugh Trowell, daktari aliyefika Kenya mwaka 1929 na baadaye kufundisha kwa miaka mingi katika Hospitali ya Mulago, Kampala. Mwaka 1960 alichapisha kitabu kuhusu magonjwa yasiyoambukiza Afrika, akiorodhesha yale yaliyokuwa ya kawaida Ulaya lakini adimu kwa wagonjwa wake. Saratani ya utumbo mpana ilikuwamo. Mwenzake wa Mulago, Denis Burkitt, alikuwa amejulikana kwa jambo jingine, yaani uvimbe wa taya kwa watoto, ambao hadi leo unabeba jina lake. Mwaka 1961 alisafiri kwa gari kutoka Kampala hadi Afrika Kusini pamoja na madaktari wawili, akipita hospitali moja baada ya nyingine kuuliza uvimbe huo unaonekana wapi na wapi hauonekani. Safari ile ilimfundisha kwamba hospitali ndogo za vijijini, zikiulizwa vizuri, ni hazina ya maarifa.

Burkitt aliondoka Uganda mwaka 1966. Akiwa London alisoma maandishi ya T. L. Cleave, daktari aliyedai kwamba sukari na unga uliokobolewa ndivyo chanzo cha magonjwa mengi ya nchi tajiri. Burkitt aliligeuza wazo hilo: tatizo, alisema, si kile kilichoongezwa tu, bali kile kilichoondolewa, yaani nyuzinyuzi. Mwaka 1971 alichapisha makala yake kuhusu saratani ya utumbo mpana na puru. Hoja ilikuwa kwamba nyuzinyuzi huongeza wingi wa kinyesi na kukiharakisha, hivyo sumu zinazoweza kuleta saratani hukaa muda mfupi zaidi zikigusa ukuta wa utumbo.

Alilipima jambo hilo. Mtu alimezeshwa vidonge vidogo vya plastiki vinavyoonekana kwenye eksirei, kisha kila kinyesi kilitiwa mfukoni, kikapigwa picha, na vidonge vikahesabiwa hadi karibu vyote vitoke. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1972 yalionesha kwamba kwa wanakijiji wa Uganda chakula kilipita kwa wastani wa takriban saa 36, na kwa Waingereza waliopimwa, wengi wao mabaharia wa jeshi la maji na wake zao, takriban saa 83. Uzito wa kinyesi cha Waganda ulikuwa zaidi ya mara nne.

Hapa msomaji makini atauliza: je, saratani ilikuwa adimu kweli, au haikuonekana tu? Swali hili lina haki yake. Madaktari walikuwa wachache, watu wengi walifariki kabla ya uzee, na saratani ya utumbo hupenda umri mkubwa. Mzee wa Newala aliyeanza kutoa damu haja kubwa mwaka 1940 hakuwa na sababu ya kutembea siku nzima kwenda hospitali. Angeitwa mgonjwa wa bawasiri na kutibiwa kwa mizizi. Hata hivyo, zipo hoja mbili za upande wa pili. Ya kwanza ni kwamba hospitali zile zile ziliona saratani nyingine za watu wazima, kama za ini na za shingo ya kizazi. Macho yaliyoona hizo yasingekosa kabisa hii. Ya pili inatoka uwandani kwenyewe. Mwaka 1952 na 1953 homa kali yenye maumivu ya viungo ilienea Newala na jirani zake. Daktari Marion Robinson aliandika dalili zake kwa uangalifu, na W. H. R. Lumsden akaja kuchunguza kuenea kwake. Mwaka 1955 ulimwengu ukasoma kwa mara ya kwanza kuhusu chikungunya. Tabibu wa eneo hili aliweza kugundua kitu kigeni. Lakini tusiipe hoja hii uzito kupita kiasi, kwa kuwa homa inayolaza nyumba nzima hujitangaza yenyewe, ilhali saratani hujificha ndani ya mtu mmoja. Hukumu yangu ni kwamba uadimu ule ulikuwa wa kweli kwa sehemu kubwa, na upungufu wa kuona uliufanya uonekane mkubwa zaidi ya ulivyokuwa.

Je, ilikuwa ni kinga ya asili, ya damu? Burkitt mwenyewe alilikataa hilo kwa kuwaelekeza watu Marekani, ambako wajukuu wa Waafrika walipata saratani hii kwa wingi sawa na Wazungu, na leo huipata kuwazidi. Ila nyuzinyuzi nazo hazikushinda kirahisi. Mwaka 1999 utafiti mkubwa wa wauguzi wa Marekani haukuona faida yake, na mwaka 2000 majaribio mawili yalishindwa kuzuia vinyama vya utumbo visiote upya. Mwaka 2003 utafiti wa Ulaya wa watu zaidi ya 500,000 ulirudisha uzito upande wa Burkitt. Tofauti hizi zinaeleweka: majaribio yalidumu miaka michache, na saratani hujengeka kwa miongo.

Wakati madaktari wa Kampala wakitazama sahani, huko Marekani wengine walikuwa wakitazama ukoo. Mwaka 1895, mjini Ann Arbor, mtaalamu wa patholojia Aldred Warthin alimkuta mshonaji wake wa nguo akiwa na huzuni. Mama huyo alimweleza kwamba atakufa mapema, kwa saratani ya tumbo au ya kizazi, kama ndugu zake. Hakukosea: alikufa kwa saratani ya kizazi. Warthin alikusanya habari za ukoo wake na kuzichapisha mwaka 1913. Wengi walipuuza, kwa kuwa saratani ilidhaniwa kuwa jambo la bahati. Mwaka 1966 Henry Lynch aliongeza koo nyingine mbili, naye alisubiri karibu miaka 30 hadi wakati ulipomkubalia.

Mwaka 1993 jeni inayoitwa MSH2 iligunduliwa kuwa chanzo cha saratani katika koo kama hizo, na mwaka uliofuata ikaja MLH1. Ili kuelewa kazi ya jeni hizi, fikiri juu ya mwandishi anayenakili msahafu kwa mkono, na nyuma yake mkaguzi anayesoma kila mstari na kufuta herufi iliyokosewa. Kila seli inapogawanyika hunakili DNA yake yote, na makosa hutokea. MSH2 na MLH1 hutengeneza protini zinazotambua herufi isiyolingana na mwenzake, kuikata na kuacha nafasi iandikwe upya. Utaratibu huu ulikwisha kufahamika katika bakteria. Mmoja wa walioufafanua, Paul Modrich, aligawana Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2015 na Tomas Lindahl na Aziz Sancar. Aliyerithi nakala moja mbovu huishi salama hadi ile nyingine inapoharibika katika seli fulani. Hapo makosa hujazana upesi. Utumbo mpana uko hatarini kwa sababu ngozi yake ya ndani hujivua na kujijenga upya kila baada ya siku chache, maisha yote.

Tahadhari inahitajika hapa. Saratani zinazotokana na urithi huu ni kama 3 tu katika kila 100 za utumbo mpana. Kwa hiyo jeni hizi peke yake haziwezi kueleza ongezeko la Tanzania, kwani jeni za taifa hazibadiliki ndani ya miaka 20. Kilichobadilika ni mzigo zinaoubeba.

Ndipo unene unapoingia. Mwaka 2002, na tena mwaka 2016, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilikubali kwamba unene uliozidi huongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana. Sababu zinazotajwa ni kadhaa, na hazipingani. Mafuta ya tumboni hufanya mwili utoe insulini nyingi, na insulini huamuru seli zigawanyike. Kunakili kukiongezeka, makosa huongezeka. Mafuta hayo pia huchochea uvimbe wa ndani usiokwisha, unaotoa kemikali za kuunguza DNA, na hapo hutegemewa kundi jingine la jeni za urekebishaji, ikiwamo MUTYH, iliyohusishwa na saratani ya utumbo mwaka 2002. Wapo waliodhani kwamba unene huzima kabisa urekebishaji. Ushahidi wa wagonjwa wa kawaida hauungi mkono sana dhana hiyo: uhusiano wa unene ni imara zaidi kwa uvimbe ambao mfumo wa MSH2 na MLH1 bado unafanya kazi. Kwa maoni yangu, maelezo bora ni kwamba unene huongeza kazi, na anayeumia zaidi ni yule ambaye uwezo wake wa kurekebisha ulikuwa umepungua tangu kuzaliwa.

Jaribio moja liliyakutanisha yote matatu, chakula, jeni na uzito. Kuanzia mwaka 1999 John Burn wa Newcastle na wenzake waliandikisha watu 937 wenye urithi ule alioueleza Lynch, ili kupima kama aspirini na wanga sugu huzuia saratani. Mwaka 2015 walitangaza kwamba wanene miongoni mwao walipata saratani ya utumbo mpana kwa kiwango cha karibu mara mbili na nusu ya wenzao, na kwa wenye hitilafu ya MLH1 zaidi ya mara tatu na nusu. Waliopewa aspirini hawakuonesha nyongeza hiyo. (Aspirini ina madhara ya kutokwa damu, na haifai kumezwa kila siku bila daktari.) Baadhi yao walipewa gramu 30 za wanga sugu kila siku, ule wanga usiomeng'enywa ambao upo kwa wingi kwenye ndizi mbichi. Wanga huo haukupunguza saratani ya utumbo, jambo ambalo lingemsikitisha Burkitt, aliyefariki mwaka 1993. Lakini matokeo ya mwaka 2022 yalionesha kwamba saratani za viungo vingine zilipungua kwa takriban nusu.

Afrika nayo ina ushahidi wake. Katika majimbo ya magharibi ya Afrika Kusini, Chuo Kikuu cha Cape Town kimefuatilia kwa miaka mingi koo zinazorithi hitilafu moja ya MLH1, na madaktari husafiri na vifaa vya kuchungulia utumbo hadi kwenye miji midogo wanakoishi. Nchini Nigeria, utafiti wa mwaka 2021 ulikuta dalili za kuharibika kwa urekebishaji katika zaidi ya robo ya uvimbe uliopimwa, kiwango kilichozidi kile cha nchi za Magharibi. Kama kwetu hali ni hiyo, basi historia ya ukoo ina maana kubwa zaidi kwetu kuliko vitabu vya ugenini vinavyotufundisha.

Turudi kusini. Mzigo ulibadilika hatua kwa hatua. Miaka ya 1950 bomba za mradi wa maji wa Makonde zilianza kupandisha maji uwandani, na miaka ya 1970 Finland ikasaidia kuendeleza huduma hiyo Mtwara na Lindi. Ilikuwa nafuu kubwa kwa wanawake, na hakuna anayepaswa kuitamani ile safari ya mwinuko. Korosho iliingiza fedha: msimu wa 1973/74 nchi ilivuna tani 145,000. Kisha wakulima wakahamishiwa vijiji vya ujamaa, mashamba yakaachwa, ugonjwa wa ubwiriunga ukaikumba mikorosho, na katikati ya miaka ya 1980 mavuno yakashuka chini ya tani 20,000. Baadaye zao lilifufuka, hadi kupita tani 300,000 msimu wa 2017/18. Katikati ya hayo, mwaka 2003, lilifunguliwa daraja la Rufiji linaloitwa kwa jina la Benjamin Mkapa, Rais wa wakati huo na mzaliwa wa Lupaso, Masasi. Kabla yake, masika yaliweza kuitenga kusini na Dar es Salaam kwa wiki nyingi. Baada yake sukari, mafuta ya kupikia, mchele na unga wa sembe vilifika mwaka mzima. Malipo ya korosho yakitoka, bodaboda huchukua nafasi ya miguu, na soda na chipsi huchukua nafasi ya ming'oko.

Takwimu za nchi nzima zinaonesha mwendo huo. Wanawake wa umri wa miaka 15 hadi 49 wenye uzito uliozidi au unene walikuwa asilimia 18 katika utafiti wa 2004/05, asilimia 22 mwaka 2010, asilimia 28 mwaka 2015/16, na asilimia 36 mwaka 2022. Mijini kiwango ni kikubwa kuliko vijijini.

Mtu anaweza kusema kwamba mabadiliko ya chakula huchukua kizazi kizima kuonekana mwilini. Majaribio mawili yanaonesha kwamba mwanzo wake ni wa haraka. Mwaka 2015 watafiti walibadilishana vyakula vya Wamarekani weusi 20 wa Pittsburgh na Waafrika Kusini 20 wa vijijini. Kwa wiki mbili tu, Wamarekani waliokula nyuzinyuzi nyingi na mafuta kidogo walipungua kasi ya kugawanyika kwa seli za utumbo, na kwa Waafrika Kusini kasi hiyo ilipanda. Mwaka 2025 yakachapishwa matokeo ya Kilimanjaro, ambako vijana wa kiume 77 walishiriki. Waliohamishwa kutoka vyakula vya asili, kama ndizi, maharage na ulezi, wakapewa soseji, mkate mweupe na chipsi, damu yao ilionesha uvimbe wa ndani umeongezeka ndani ya wiki mbili. Waliokwenda upande wa pili, ulipungua. Majaribio haya ni mafupi na hayakupima saratani yenyewe, lakini yanapima njia inayoelekea huko.

Ocean Road ni jengo la hospitali iliyofunguliwa na Wajerumani mwaka 1897, na limekuwa taasisi ya saratani tangu 1996. Kwa mgonjwa wa Newala ni mbali, ingawa sasa ipo Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini huko Mitengo, Mtwara. Umbali huo una gharama. Hospitali ya Bugando, Mwanza, iliripoti mwaka 2013 kuhusu wagonjwa 332 wa saratani hii waliotibiwa kati ya 2006 na 2011. Umri wa kati wao ulikuwa miaka 46, na wengi walifika ugonjwa ukiwa umekwisha kukomaa. Miaka 46 ni umri wa mtu anayesomesha watoto na kulima mikorosho, na ndio umri ambao damu kwenye choo huitwa bawasiri bila kupimwa.

Basi msomaji wa Masasi, wa Newala na wa kokote: damu ikionekana kwenye haja kubwa, au choo kikibadilika kwa wiki kadhaa bila sababu, nenda hospitali na uombe uchunguzi, hata kama hujafika miaka 50. Na kama kwenye ukoo wenu wamefariki wawili au zaidi kwa saratani ya utumbo au ya kizazi, hasa wakiwa bado vijana, usingoje daktari akuulize. Mtajie majina yao na umri waliougulia.